Bibi wa Hadubini Anajibu: Nguvu ninazo, mbegu sina

Kwa wageni wa safu hii: mimi ni mstaafu wa maabara, mkaazi wa Ngamiani hapa Tanga. Kazi iliyonilisha ni kuchungulia hadubini. Nimetazama choo, mkojo, damu za wenye malaria na, kwa miaka mingi, shahawa za waume wa watu. Siagui, siuzi dawa, na majina yenu siyaandiki. Barua ya kwanza mwezi huu imekula nafasi kubwa kuliko nyingine zote. Waliobanwa wanisamehe, ndivyo mambo yalivyo.

Mama anataka nioe mwingine

*Shikamoo Bibi. Mimi ni fundi pikipiki Makorora, umri miaka 34, nipo kwenye ndoa mwaka wa tano bila mtoto. Nguvu za kiume ninazo, mke wangu ni shahidi. Hivi karibuni nilipima, nikapewa karatasi imeandikwa hakuna mbegu hata moja. Mama hajui habari ya karatasi. Yeye anasema mke wangu ni tasa, nioe mwingine, na binti ameshanitafutia huko Pongwe. Kijana mmoja wa chuo anayeniletea pikipiki yake kanionyesha kwenye simu kwamba wanasayansi wamefanya panya tasa wakazaa kwa kubadili jeni. Ni kweli? Kwangu itafaa? Na inakuwaje mtu awe na nguvu halafu mbegu asiwe nazo?* Fundi, Makorora

Marahaba mwanangu. Naanza na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi ingawa umeliweka nyuma.

Korodani zina kazi mbili, na kila kazi ina seli zake. Kwenye nafasi kati ya mrija na mrija zimo seli zinazotengeneza testosteroni, homoni inayoingia kwenye damu ikakupa ndevu, sauti na hamu. Ndani ya mirija yenyewe ndiko mbegu zinakotengenezwa. Mirija inaweza kusimama kazi kabisa huku hao majirani wakiendelea na yao, na mwenyewe usihisi kitu. Hata shahawa zitatoka kwa wingi uleule, kwa sababu karibu maji yote yale yanatoka kwenye tezi nyingine na mbegu ni sehemu ndogo mno. Nimeshawahi kutazama shahawa za mwanamume mwenye kifua cha kubebea magunia bandarini. Nilisogeza kioo kutoka kona hadi kona, patupu.

Sasa tuje kwa panya. Wanaotumika sana si panya buku wa mitaroni. Ni wale wadogo wa nyumbani, waliofugwa maabara vizazi na vizazi. Mimba yao ni siku 20 hivi, na dume akifika wiki ya sita mpaka ya nane anaweza kuwa baba. Mtafiti anaweza kuizima jeni moja tu, yaani agizo moja la urithi, kati ya takriban 20,000 alizonazo panya huyo, akamlea aone kitakachoharibika. Ufundi huo ndio uliowapa Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies Tuzo ya Nobel mwaka 2007, na ndio uliotufundisha mengi tunayoyajua leo kuhusu mbegu za kiume.

Mwaka 2001 kule Boston, Dejian Ren, David Clapham na wenzao walieleza jeni waliyoiita CatSper. Protini yake ni mlango wa kupitishia kalsiamu kwenye mkia wa mbegu. Madume waliozimiwa jeni hiyo ukiwatazama hukuti kasoro, na wanapanda majike kama kawaida. Hawakupata mtoto. Mbegu zao zilikuwepo, zina umbo zuri na zinaogelea, ila mkia ulishindwa kupiga ule mpigo mpana wa nguvu unaoisukuma mbegu kupenya ganda la yai. Ganda lilipoondolewa maabara, mbegu zilezile zikaingia ndani ya yai. Baadaye kasoro ya jeni hiyo ilikutwa pia kwa wanaume wa familia fulani za Iran.

Panya dume akishampanda jike huacha kizibo kigumu kwenye njia ya uzazi, na wahudumu wa maabara hukikagua asubuhi wajue kama kazi imefanyika. Dume tasa wa aina hii hukiacha kama wenzake. Asubuhi kizibo kipo, na wiki tatu baadaye kiota ni kitupu. Kwa hiyo hapana ajabu yoyote katika hali yako, na zile chupa za mizizi zinazopangwa sokoni kwa jina la nguvu za kiume, hata zingekuwa za kweli, zingekutibu ugonjwa usiokuwa wako.

Jambo jingine la maabara ya panya, hili ni la mama yako. Kabla ya kuandika kwamba dume fulani ni tasa, watafiti humwekea majike kadhaa ambao inajulikana wanazaa. Akishindwa kwa wote, basi tatizo ni lake. Mama, bila kujua, anataka kukufanyia jaribio hilohilo kwa binti wa Pongwe, wakati jibu umelikunja mfukoni. Tofauti ni kwamba panya jike hana mawifi wa kumsema uani.

Turudi kwenye karatasi. Kwako tatizo halikuishia mkiani, mbegu hazikuonekana kabisa. Lazima ijulikane zimekwama wapi, maana safari ni ndefu. Kutoka seli shina mpaka mbegu yenye mkia, panya hutumia siku 35 hivi, mwanamume karibu siku 74. (Na usijivunie mwili: mbegu ya panya ni ndefu karibu mara mbili ya yako.)

Mwanzo wa safari ni seli shina. Hujigawa, nyingine zikabaki akiba, nyingine zikaondoka kwenda kuwa mbegu. Hapo ipo jeni inayoitwa Kit, na watafiti waliijua kwa rangi ya manyoya kabla hawajaijua kwa jina: panya wenye kasoro kubwa ya Kit ni weupe, wana damu pungufu, na korodani zao hazina mbegu, kwa sababu seli za rangi, za damu na za uzazi zote zinaitegemea jeni hiyohiyo. Kit hupokea ishara. Ishara yenyewe hutolewa na walezi walio ndani ya mirija, seli za Sertoli, alizozieleza Mtaliano Enrico Sertoli mwaka 1865. Kwa hiyo dume anaweza kuwa tasa kwa njia mbili. Ama seli zake za mbegu haziwezi kuipokea ishara, ama walezi wake hawaitoi.

Hapa ndipo ilipo ile habari ya kijana wako wa chuo, na ameipindisha kidogo. Ralph Brinster wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mwaka 1994, hakugusa jeni. Alitoa seli shina kwenye korodani za panya mmoja akazipandikiza kwa mwingine asiye na mbegu zake. Mbegu zikatengenezwa humo, watoto wakazaliwa na urithi wa yule aliyetoa. Mwaka 2000 yeye, Takehiko Ogawa na wenzao wakafanya kubwa zaidi. Walichukua tasa ambaye seli zake ni nzima ila walezi wake ni bubu, wakampandikizia seli hizo tasa wa pili, ambaye walezi wake ni wazima ila seli zake ndizo mbovu. Tasa wawili wakatoa watoto. Nilipoisoma habari hiyo chai ilipoa mezani. Na baba ni nani hapo? Kwa damu, ni yule aliyetoa seli, aliyekaa kizimba kingine na wala hakumgusa jike. Masheikh na mapadri wetu watakuwa na kazi siku jambo hili likibisha hodi kwa binadamu.

Kwa sasa si tiba unayoweza kwenda kuipanga foleni hospitali, si Tanga wala Dar es Salaam. Mwaka 2011 Ogawa na wenzake huko Yokohama walikuza vipande vya korodani za panya wachanga kwenye sahani za maabara mpaka mbegu zikakamilika, na watoto wakazaliwa. Mwaka huohuo Katsuhiko Hayashi, Mitinori Saitou na wenzao wa Kyoto walianza na seli za kiinitete cha panya wakafika mpaka kwenye mbegu. Ni kazi kubwa, na zote ni za panya. Mtu akikupigia simu anauza "tiba ya jeni ya mbegu", kata simu.

Baada ya seli shina huja mgawanyiko wa kupunguza kromosomu, vile vifurushi vya jeni ndani ya seli: panya kutoka 40 kwenda 20, mtu kutoka 46 kwenda 23. Ni hatua yenye hatari. Protini iitwayo Spo11 huikata DNA, ule uzi unaobeba jeni, kwa makusudi, mahali pengi, ili kromosomu ya baba na ya mama zibadilishane vipande kabla ya kuachana. Panya wasio na Spo11 walielezwa mwaka 2000: kromosomu hazipati kushikana na wenzake, seli zinakufa katikati ya njia, mbegu hakuna. Ukikata kipande cha korodani ya panya kama huyo ukakiweka chini ya hadubini, unaona seli changa zimejaa pembeni ya mrija na katikati hakuna kitu. Wanaume wengine wasio na mbegu nao huonekana hivyohivyo.

Hapa sasa panakuhusu wewe. Mwaka 1995 kundi la David Page huko Marekani lilichunguza wanaume 89 wasio na mbegu, na 12 kati yao walikuwa wamepungukiwa kipande cha kromosomu Y, ile ya kiume. Ndani ya kipande hicho ilikuwemo jeni waliyoiita DAZ. Panya hana DAZ kwenye Y yake, ana ndugu yake tu aitwaye Dazl kwenye kromosomu nyingine. Ndugu huyo alipozimwa mwaka 1997, madume na majike wote wakawa tasa. Eneo hilo la Y kwa mtu lina sehemu tatu, madaktari huziita a, b na c. Ikikosekana c, mara nyingine daktari hupata mbegu chache akizitafuta ndani ya korodani. Ikikosekana a yote au b yote, kupasua ni kukuumiza bure. Na mtoto wa kiume anayepatikana kwa mbegu hizo chache atarithi upungufu huohuo, jambo ambalo mtu anapaswa kuambiwa kabla hajalipa.

Ipo pia hali ya kuzaliwa na X ya ziada, yaani XXY, inayompata takriban mwanamume mmoja kati ya 600. Wengi wao hawajui mpaka wanapotafuta mtoto.

Mwisho wa safari ni kufungasha. Kichwa cha mbegu ni kidogo mno, na DNA yote lazima iingie humo. Mliokulia mashamba ya mkonge mmeona singa zinavyoshindiliwa kwenye mashine mpaka lundo la kujaza chumba likawa robota moja la kufungwa kamba. Protini zinazoitwa protamini ndizo zinazoshindilia DNA namna hiyo. Panya aliyepoteza nakala moja tu kati ya mbili za Prm1, jeni ya protamini mojawapo, uzazi wake unayumba, wakati kwa jeni nyingi nakala moja ikibaki mtu wala hajui kama imepotea nyingine.

Utaniambia: Bibi, basi nipimwe jeni zote. Usifanye. Mwaka 2016 watafiti wa Japani na Marekani walichagua jeni 54 zinazofanya kazi hasa kwenye korodani, jeni ambazo panya na mtu wanazo sawa, wakazizima moja moja. Madume wote hao wakazaa. Yaani jeni kuwa na kazi kwenye korodani haina maana kwamba bila hiyo mtu hapati mtoto. Ukipewa orodha ndefu ya "jeni zako mbovu", sehemu kubwa yake inaweza isiwe na maana yoyote kwa kizazi chako.

Sasa cha kufanya, kwa mpangilio wa mtu asiye na hela ya kuchezea.

Rudia kipimo. Karatasi moja ya sifuri haitoshi. Kaa bila tendo siku mbili hadi saba, tumia chombo safi cha maabara (nimeletewa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, na kwenye mpira wa kiume wenye dawa ya kuua mbegu), na sampuli ifike ndani ya saa moja ikiwa na joto la mwili. Waulize kama waliizungusha kwenye mashine na kutazama mashapo kabla ya kuandika sifuri. Kama ulikuwa na homa kali, kipimo cha pili kifanye baada ya miezi mitatu, kwa sababu mbegu za leo zilianza safari zaidi ya miezi miwili nyuma. Korodani zinataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, na homa haziipendi.

Kisha daktari akushike, samahani kwa kusema wazi. Ukubwa wa korodani, mishipa iliyovimba, na kama ile mirija ya kupitishia mbegu ipo. Apime FSH, homoni inayotoka kichwani kuziamrisha korodani. Ikiwa juu sana na korodani ni ndogo, kiwanda ndicho kilichosimama, na hapo ndipo kipimo cha kromosomu na cha Y kinapokuwa na maana. Ikiwa ya kawaida na korodani ni za kawaida, yawezekana mbegu zinatengenezwa vizuri ila njia imeziba, na pwani yetu hii maambukizi ya zamani kama kisonono yameziba njia za wengi. Sikuulizi kama uliwahi kuugua, hili ni gazeti. Mwambie daktari. Mwambie pia kama ulipata matubwitubwi ukubwani, kama ulipasuliwa ngiri utotoni, kama korodani moja ilichelewa kushuka. Na kama umewahi kudunga zile sindano za kutunisha misuli wanazopeana vijana wa gym, sema bila haya: testosteroni ya sindano huuambia ubongo kwamba ipo ya kutosha, ubongo ukaacha kuziamrisha korodani, mbegu zikakoma. Hiyo mara nyingi hurudi ukiacha, ingawa kwa miezi.

Njia ikiwa imeziba, au zikipatikana mbegu chache ndani ya korodani, huhitaji mamilioni ya mbegu. Tangu mwaka 1992, kazi iliyoanzia Brussels, mbegu moja inaweza kuchomwa kwa sindano moja kwa moja ndani ya yai. Huduma hiyo ipo Dar es Salaam, na bei yake itakufanya uuze pikipiki isiyo yako. Ndiyo maana nasema jua kwanza umekwama wapi.

Karatasi iweke mezani wewe mwenyewe, mkeo akiwa amekaa kando yako, kabla binti wa Pongwe hajapelekewa kanga.

Supu ya pweza

*Bibi shikamoo. Nimeambiwa nimpe mume wangu supu ya pweza, tikiti maji na karanga mbichi ili mbegu zake ziongezeke. Kuna chakula kilichothibitishwa kweli?* Mama wa duka la vitenge, Muheza

Marahaba mwanangu. Supu ya pweza mpe, ni tamu, haidai ithibati.

Kilichothibitishwa kwa wanyama wa maabara ni vitamini A. Panya wakinyimwa kabisa vitamini hiyo, seli changa za mbegu husimama pale mwanzoni hazisogei. Wakirudishiwa, zinaanza safari zote kwa pamoja. Mwili huigeuza vitamini A kuwa asidi ya retinoiki, nayo huwasha jeni ya Stra8, ambayo bila hiyo ule mgawanyiko wa kupunguza kromosomu niliomweleza fundi wa Makorora haukamiliki.

Lakini hao walinyimwa kabisa, kwa makusudi, kwa muda mrefu. Mume anayekula mchicha, maembe, mapapai na viazi vitamu vya njano hapo Muheza hajafika huko, na kumuongezea hakumpi mbegu zaidi. Vidonge vya vitamini A vikizidi huumiza ini. Na usivimeze wewe kwa kumuonea huruma: ukishika mimba, vitamini A iliyozidi inaweza kumletea mtoto kasoro. Afadhali umpeleke akapimwe, kisha mrudi mle pweza.

Y yote ni ya nini?

*Shikamoo Bibi. Nasoma Kidato cha Sita hapa Tanga mjini. Mwalimu alisema kromosomu Y kazi yake ni kuamua jinsia tu. Rafiki yangu anasema amesoma kwamba panya anaweza kuzaa bila Y. Nani yuko sahihi?* Mwanafunzi wa kike

Marahaba mjukuu wangu. Wote wawili wana nusu ya jibu, na nusu hizo hazikutani.

Jeni inayoamua jinsia ni Sry. Iligunduliwa kwenye Y mwaka 1990 na makundi ya London ya Peter Goodfellow na Robin Lovell-Badge. Mwaka uliofuata Peter Koopman, Lovell-Badge na wenzao waliiweka Sry peke yake kwenye viinitete vya panya wenye XX. Mmoja akakua dume kwa kila kitu cha kutazama, akapanda majike. Mbegu hakuwa nayo hata moja. Korodani zake zilikuwa ndogo, kwa sababu seli za mbegu zikiwa na X mbili hufa, na kwa sababu Y ina jeni nyingine ambazo yeye hakupewa. Hapo mwalimu wako amebanwa: kuamua jinsia ni jambo moja, kutengeneza mbegu ni jingine, na Y ina mkono kwenye yote mawili.

Rafiki yako naye anazungumzia kazi ya Monika Ward na wenzake wa Hawaii. Mwaka 2013 walionyesha kwamba jeni mbili tu za Y, Sry na Eif2s3y, zinatosha kumfikisha panya kwenye seli changa za mbegu, za duara, zisizo na mkia. Mwaka 2016 wakaondoa hata hizo mbili, wakatumia jeni zilizo nje ya Y zinazoweza kushika nafasi zao: Sox9 badala ya Sry, na Eif2s3x iliyoongezwa badala ya Eif2s3y. Watoto wakazaliwa. Lakini usisahau kwamba seli hizo zilichomwa kwa sindano ndani ya mayai. Dume mwenyewe kwa njia yake ya asili asingepata mtoto hata kizimba kijazwe majike, maana mbegu kamili zinahitaji jeni nyingine za Y. Kwenye mtihani andika hivyo, na utaje panya. Anayesahihisha asije akadhani unamsema yeye.

Panya wa Pangani

*Bibi, panya wananimalizia mchele dukani. Sumu naiogopa, kuna watoto. Nimesikia wanasayansi wanaweza kuwafanya panya wawe tasa wafe kizazi chote. Lini dawa hiyo itafika Pangani?* Muuza duka

Mzee mwenzangu, umesikia jambo la kweli, ila panya siye.

Kwenye kromosomu ya 17 ya wale panya wadogo wa nyumbani, baadhi yao hubeba fungu la jeni linaloitwa t. Ni fungu la hila. Dume mwenye nakala moja alipaswa kulirithisha kwa nusu ya watoto wake. Yeye hulirithisha hata kwa zaidi ya 90 kati ya 100, kwa sababu mbegu zenye t huharibu mwendo wa mbegu wenzao zisizo nayo, zikafika kwenye yai peke yao. Mary Lyon wa Uingereza alitumia miaka mingi kulichambua. Na hila hiyo ina malipo yake, maana dume mwenye nakala mbili za t ni tasa.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, walieleza namna ya kulipakia fungu hilo mkasi wa jeni wa CRISPR, ili t inapojieneza iende ikiharibu jeni ya prolaktini, homoni ambayo majike huihitaji ili wazae, na majike wakose uzazi. Ni kazi ya maabara na hesabu za kompyuta, hakuna panya aliyeachiwa mitaani. Mimi binafsi sina haraka nayo. Kitu kinachojieneza chenyewe hakina wa kukiita kirudi, na meli zinapita bandari zote.

Halafu panya wanaomaliza maduka ya pwani mara nyingi ni wale wa darini, wakubwa kidogo, wenye mkia mrefu kuliko mwili. Hao ni aina nyingine kabisa, fungu la t hawana. Kwa panya shamba, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wamejaribu kuwalisha chambo chenye homoni za aina ya zile za uzazi wa mpango waone kama uzazi utapungua, lakini huo nao ni utafiti, haupo dukani.

Wewe nunua mapipa ya bati yenye mifuniko, magunia uyapandishe kwenye chaga mbali na ukuta, na uzibe kwa saruji kila tundu linalopitisha kidole gumba. Mitego ya kubana iweke kandokando ya ukuta, mdomo ukiuelekea ukuta, maana panya hupita ukutani na katikati ya sakafu hapapendi. Chambo weka dagaa wa kukaanga, na mitego itegue asubuhi kabla watoto hawajaamka.